Malkia wa Kwenye Mchicha

Nimefundisha biolojia sekondari miaka kumi na minane, na kwa miaka yote hiyo nimechora ubaoni mdudu yule yule. Wadudu wenyewe nilikuwa nawafagia.

Baba yangu aliletwa kwangu Madale kutoka Tabora baada ya mama kufariki. Miezi ya mwanzo alikaa barazani akiuliza leo siku gani. Kisha akajinunulia jembe, akalima matuta manne nyuma ya nyumba: mawili ya mchicha, moja la matembele, moja la bamia. Tangu hapo sisi ndio tukawa tunamuuliza yeye siku.

Jumamosi moja, asubuhi baada ya mvua ya kwanza ya vuli, jirani yetu mwenye duka la vitambaa alikuja kuchuma mchicha kama kawaida yake. Uani kulikuwa kumetapakaa mbawa za kumbikumbi, wale mchwa warukao. Baba akaokota kwenye tuta mdudu mkubwa mweusi, tumbo nono, mbawa zimeshang'oka na makovu yake yanaonekana.

"Mwalimu, huyu nani?" jirani akaniuliza. "Maana mie fremu zangu mpya za milango zinaliwa, kila siku nafagia unga."

Nikavaa miwani. Mtu akishaitwa mwalimu mbele ya baba yake, kusema "sijui" ni kazi.

"Malkia wa mchwa," nikasema. "Ameshaangusha mbawa. Kiota chao kitakuwa humu humu chini."

"Si ndiyo! Nilijua tu wanatokea huku. Mzee wangu, utatuwia radhi, hapa itabidi pachimbwe."

Baba alimgeuza yule mdudu kiganjani, akanitazama, akamtazama jirani.

"Mwalimu amesema," akajibu, akaenda kuchukua jembe.

Kwetu hakuna anayeamini kuwa mchwa wameisha mpaka aoneshwe malkia wao wa kiotani, mnene mweupe, kwa macho yake. Dawa ni maneno tu. Kwa hiyo Baba alichimba. Lilikwenda tuta la kwanza la mchicha, likafuata la pili, likafuata la matembele. Jirani alisimamia chini ya mwavuli na, kwa kuwa ni mtu mwema, alituletea juisi ya ukwaju. Mpaka adhuhuri inaadhiniwa tulikuwa tumepata ndala moja ya mguu wa kushoto na minyoo ya kutosha. Jirani akaaga aende kuswali, akasema huyo malkia ana akili sana.

Alasiri nikamtoa mdudu wangu kwenye kopo la majani ya chai nilimomhifadhi, nimchore kwa ajili ya kidato cha pili. Nilianza kichwani. Nikashuka kifuani. Nilipofika pale kifua kinapokutana na tumbo, kalamu ikasimama. Mchwa hana kiuno. Chungu, ndugu wa sisimizi, ana kiuno chembamba. Hilo nimelifundisha kila mwaka, na wanaoligeuza nawakata alama bila huruma. Huyu kiuno chake ungeweza kukifunga uzi. Alikuwa malkia wa chungu. Hata angelala njaa mwezi mzima, fremu ya mtu asingeigusa.

Nilimkuta Baba amekaa ukingoni mwa shimo anakwangua tope kwenye jembe kwa kijiti. Mboga zake zilikuwa zimerundikwa ukutani, zimenyauka.

"Baba, nisamehe. Yule si mchwa. Ni chungu."

"Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Nilipomwokota. Mama, mie nimekula kumbikumbi tangu meno hayajatimia mdomoni. Nitashindwaje kumjua?"

Nilitazama yale matuta matatu. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia darasani, na darasani nimeshakosea mengi.

"Sasa umechimba kwa nini?"

Aliendelea kukwangua mpaka chuma kikang'aa.

"Mgeni alikuwepo," akasema. "Nimekusomesha wewe ili nije nikusahihishe mbele za watu?"

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nikamnyang'anya jembe nikaanza kufukia. Nilifukia vibaya, udongo wa chini nikauweka juu, kama asiyewahi kushika jembe. Baba aliona yote, na kwa mara ya pili siku ile hakunisahihisha.