Ndama wa Vedasto Ameota Meno Makubwa

Wewe msomaji unanichosha. Ukiona picha ya ndama mtandaoni unaandika "baby cow". Ukiona mtoto wa mbuzi, "baby goat". Ukiona kifaranga, "baby chicken", halafu unajiita msomi kwa sababu kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni. Kule Igunga kuna dada kaishia kidato cha nne, na akiona hiyo "baby cow" yako anacheka mpaka anashika meza. Tulia nikusimulie habari zake.

Anaitwa Consolatha. Mzaliwa wa Lusu, miaka thelathini na mmoja, ana steshenari ya mlango mmoja kando ya barabara ya Mwanza, lori likipita karatasi zote zinasimama. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, ila kinachomlisha hasa ni kuwajazia watu fomu za Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe alikiokota. Kingine kwenye makopo ya dawa za mifugo, kingine kwenye kamusi iliyochanika kurasa zote za M mpaka P. Mpaka leo neno linaloanza na N anakwambia kaulize mbele. Lakini mtajie ndama uone. Anayenyonya bado? Aliyeachishwa? Jike ambalo halijazaa? Maana wa kwanza ni calf, wa pili weaner, wa tatu heifer, na yeye hataki kuwachanganya. Watoto wa watu nao hivyo hivyo: baby yupo peke yake, child peke yake, youth peke yake.

Uangalifu huo alifundishwa na aibu. Mwezi wa tatu mteja alimwambia ana mwanakondoo, naye akaandika lamb bila kumwona. Watu wa mradi wa mifugo walipokwenda kukagua, wakakutana na kondoo dume, pembe zimejisokota mizunguko miwili. Bwana mifugo akaja dukani akamwambia hapo hapo mbele za wateja, "Dada, fomu nyingine ya uongo ikitoka hapa, mwandiko wako hatuupokei tena." Sasa bila fomu, steshenari ile ni meza na feni tu.

Wiki ya maonesho ya mifugo ikafika, na Vedasto akaingia na fomu ya mashindano.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba Rosalia. Karibu kiti."

"Sikai. Andika haraka: Vedasto, kijana, ana ndama."

"Kijana wa miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Consolatha akaweka peni chini. "Fomu inasema youth mwisho thelathini na tano."

"Hiyo fomu imezaliwa wapi? Baba yangu yupo hai, ana themanini na tatu. Asubuhi akisema vijana wapeleke ng'ombe majini, anayenyanyuka ni mimi. Sasa uzee nimeupata lini?"

Tuseme ukweli, si mila tu iliyokuwa inamsumbua. Mshindi wa vijana alikuwa anapewa mashine ya kukatia majani. Mshindi wa watu wazima, kofia na fulana. Na kofia Vedasto alikuwa nayo, kaivaa.

"Na ndama yuko wapi?"

"Si huyo hapo nje, kashikwa na Rosalia."

Consolatha akachungulia. Binti wa miaka kumi na tisa kashika kamba, na upande wa pili wa kamba kuna mnyama kifua kipana, nundu imesimama, anaziba mlango mzima.

"Baba Rosalia. Huyo ndiye ndama?"

"Kwetu mpaka azae ndiyo anaacha kuwa ndama." Na akipangwa na ndama wanaonyonya, nani angemshinda?

Kwenye benchi la nje alikuwepo Mfaume, dalali wa mnadani, mtu wa Tabora mjini, kahawa mkononi. Akaangua kicheko. "Wasukuma nyie! Hata bibi yenu mngemwandikisha mtoto mchanga apate chandarua cha bure."

"Na nyie Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani, mkarudi na nini? Mdomo!" Vedasto akamrudishia.

"Mdomo ndio kazi yangu. Lete huo wa ng'ombe."

Mnadani hakuna anayeuliza tarehe ya kuzaliwa. Mfaume akambana mnyama pua, akamfunua mdomo wa chini. Meno ya utotoni yamejipanga madogo madogo, ila katikati mawili yametoka mapana kama makoleo.

"Kamaliza miaka miwili huyu, mzee. Ndama gani?"

"Heifer," Consolatha akasema.

Vedasto akainama juu ya meza. "Sikiliza mwanangu. Andika youth, andika calf. Ukikataa, Dionis hapo ng'ambo anaandika chochote, na ukoo wetu mzima tutahamia kwake."

Ukoo wao si mdogo. Consolatha aliwaona wote kichwani, na fomu zao, wanavuka barabara. Halafu akamsogezea karatasi ikiwa tupu. "Basi mpelekee Dionis. Mimi hilo siandiki."

Vedasto ananyoosha mkono achukue, Rosalia akasema kutoka mlangoni, "Baba, kwani ng'ombe ni wako?"

"Si ulinipa siku ya kipaimara changu, mwaka jana? Mbele ya mashangazi wote. Ukasema, huyu ni wako na uzao wake."

Vedasto akajikuna shingo. "Nilimaanisha... maziwa yake."

"Hajazaa, maziwa yapi?" Mfaume akadakia, kahawa ikimwagika.

Na zawadi iliyotolewa mbele ya mashangazi hairudi, hilo Vedasto analijua kuliko mtu yeyote. Consolatha akavuta karatasi, akaandika: Rosalia. Youth. Heifer. Akarudia kusoma mara mbili.

"Na mimi mnaniweka wapi?"

"Kuna sehemu ya mzazi. Saini hapa."

Akasaini polepole kama mtu anayeuza shamba.

Siku ya maonesho bwana mifugo alimfunua yule mnyama mdomo, akatazama fomu, akamtazama binti, akaweka alama ya vema na kusogea kwa mwingine. Consolatha, aliyekuwa kajibanza nyuma ya turubai, ndiyo akapumua. Rosalia akashika nafasi ya pili, akapata ndoo mbili za kukamulia. Mashine ikaenda kwa kijana wa Ulyankulu, na Vedasto akapiga kelele uwanja mzima, "Yule ana ndevu kuliko mimi!"

Jumatatu, bwana mifugo alibwaga mezani kwa Consolatha rundo la fomu za kata mbili. "Jaza wewe," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo nakuomba: ukifika pale na fomu yako, usimwambie "andika tu dada, nani atajua". Mlete mnyama mlangoni, taja mwaka wako wa kuzaliwa kwa sauti, halafu nyamaza mpaka achague neno.