Tabasamu la Panzi

Kinyozi hakuwa mtu wa maneno. Wateja walimtania kuwa mashine yake ya kunyolea inaongea kumshinda. Lakini mkewe alipotaka binti yao, waliyemwita Panzi kwa kurukaruka kwake, ahamishiwe jimu nyingine ya jimnastiki, alikataa katakata. Kocha wake wa sasa ametoa mabingwa, alisema, na kila alipomuuliza Panzi kama anaumia, mtoto alitabasamu.

Jioni moja Panzi alisahau chupa yake ya maji. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia ukumbini, ila kinyozi alisukuma mlango ampelekee. Akamkuta amepiga msamba kwenye godoro la mazoezi, kocha amemkandamiza mabega kwa uzito wake wote, na machozi yanamtiririka.

"Tabasamu," kocha alimwambia. "Majaji hawataki sura ya msiba."

Panzi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la nyumbani.

Kinyozi aliwasogelea. "Mwachie mwanangu."

"Mzee, subiri nje. Mwili hulainishwa hivi."

"Ukitaka kukanda, nenda kakande unga. Mwachie."

Kocha akamwachia. Kinyozi alimbeba binti yake mgongoni hadi barabarani.

"Baba, umenikasirikia?"

"Wewe hapana. Nimemkasirikia yule, na mimi mwenyewe zaidi. Kesho tunakwenda kule anakotaka mama yako. Na huko ukiumia, ulie."

Panzi alianza kulia pale pale, na baba yake hakumnyamazisha.