Chiriku wa Getini

Muuza tiketi wa ile nyumba ya makumbusho aliitwa Chiriku, na si kwa kusifiwa. Aliimba akikata tiketi, akaimba akirudisha chenji, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza huko juu kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Nyumba ile aliijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mpishi humo, enzi bado inakaliwa na watu, kabla milango haijazungushiwa kamba na vitanda kuandikwa "Usiguse". Lakini ukimuuliza wifi yake, mjane wa kaka yake, angekwambia bila kupepesa macho kwamba mzee alikuwa karani wa mwenye nyumba. Wifi alikuwa mtu wa shule, tena mjumbe wa kamati ya makumbusho. Ukarani huo aliushona mwenyewe, akamvika baba mkwe wake kaburini, na ukamkaa vizuri.

Kila kiangazi bendi zilipiga bustanini Jumamosi jioni. Safari hii kiongozi wa bendi, aliyekuwa akimsikia Chiriku kila apitapo getini, alimwambia apande aimbe wimbo mmoja.

"Nitaimba ule wa baba," Chiriku alimwambia wifi yake. "Ule aliokuwa akiimba akisugua masufuria. Na nitasema ni wake. Watu wajue naye alikuwepo humu."

"Jumamosi hiyo ndiyo anakuja mama wa mchumba wa mwanangu. Umekosa siku nyingine, wifi?"

"Mwanao nimembeba mgongoni. Hawezi kunionea aibu."

"Haya, imba," wifi alisema, akatabasamu. "Nani amekukataza?"

Tabasamu lile lingemshtua mtu mwingine. Chiriku alikwenda kushonesha gauni.

Siku ilipofika, bustani ilijaa hadi kwenye ngazi za baraza. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Baba yangu alikuwa mpishi wa nyumba hii," alisema.

Hakuna aliyegeuka. Akaanza kuimba, na watu wakaendelea kutafuna na kupiga soga. Ubeti wa pili ndipo alipomwona fundi mitambo ameinamisha uso, hataki kukutana naye macho, na akaelewa kwamba kipaza sauti kilikuwa kimezimwa tangu mwanzo, na nani alikuwa ameagiza. Akapandisha sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka, lakini soga za bustani nzima ziliimeza. Mpiga ngoma akaziba mdomo asicheke. Na kwa kuwa spika zilikuwa kimya, waliokaa mstari wa mbele aliwasikia vizuri kabisa.

"Mbona anachezesha mdomo tu?" aliuliza mama wa mchumba. "Nani huyo?"

"Muuza tiketi," wifi alijibu. "Kichwani hayuko sawa, maskini. Tunampandisha kidogo naye afurahi."

Kijana wa wifi alikuwa ameketi katikati yao. Naye alicheka.

Chiriku aliumaliza wimbo wote. Walimpigia makofi, wengine na miluzi juu.

Wakati wa kuondoka alikuwa amerudi getini, maana kufunga geti ilikuwa kazi yake. Mama wa mchumba alimpita, kisha akarudi hatua moja. Akamtazama yeye, akamtazama kijana.

"Hebu simameni pamoja. Eh! Pua ile ile! Nyie mna undugu?"

Wifi aliingiza mkono kwenye mkoba akaanza kutafuta kitu. Kijana alimtazama Chiriku kwa yale macho yake ya utotoni, ya siku alizovunja kikombe akataka asemewe uongo.

"Pua hizi zimejaa mjini, mama," alisema Chiriku, na safari hii kila mtu alimsikia.

Mama wa mchumba akacheka, akaendelea na safari yake. Wifi akafunga mkoba. Kijana akashusha pumzi, na alipokuwa akipita akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomfanyia mlinzi.

"Asante, mama," alisema.

Tangu ajue kusema, alikuwa akimwita shangazi.