Leso ya Getini

Nimechoka kueleza watu kwamba ule wimbo ni wa mama. Nikianza tu, ndugu zangu wanaangaliana: ameanza tena huyo. Ushahidi uko wapi? Ushahidi sina. Mama hakuwahi kuandika hata neno moja. Nyimbo zake alizitunga akichambua maharagwe hapa Nakuru, na akizitunga alikuwa anazibeba kichwani.

Ulikuwa wimbo wa geti. Siku ya kuchukua bibi harusi, upande wa bwana harusi hufungiwa nje, na akina mama wa ndani hawafungui mpaka waimbiwe. Na wimbo uwe wenu, mliotunga wenyewe. Ukileta wa kuazima, unaomba msamaha na kutoa leso, hiyo ndiyo faini. Mama alikuwa anaitwa kila upande kwenda kufungulisha mageti, na sikuwahi kuona akitozwa.

Kwenye harusi moja kule Kamere, msichana mmoja mwimbaji alimfuata nyuma ya jikoni na simu mkononi. "Mathe, niimbie tena nirekodi, huo wimbo ni mtamu." Mama na roho yake safi akamwimbia, tena ubeti wa pili akaurudia polepole ili aushike vizuri. Polepole, jamani!

Wimbo ulipotoka redioni, mama ndiye aliyefurahi kutushinda wote. Aliweka ungo chini, akaongeza sauti, akangoja wamtaje mwishoni. Mtangazaji akamsifu yule msichana, sauti yake na utunzi wake. "Wamesahau," mama akasema. "Kesho watasema." Kesho hiyo tumeingoja miaka. Msichana tulimpigia, simu haishikwi. Watu wakaniambia nyimbo za harusi ni za kila mtu, kwani mama yako anataka nini? Alitaka kitu kimoja tu: auimbe mbele ya watu, wajue ni wake.

Ndiyo maana mwaka huu, mjukuu wake alipooa Mai Mahiu, mama alikataa kabisa kutunga mwingine. "Nitaimba ule wangu." Nilimwambia, mama, watu wameuzoea kwa mwingine. Alijifanya hasikii, akaendelea kupiga pasi leso yake ya kijani, ile anayovaa siku kubwa.

Tulifika geti la mabati, vumbi la malori likitupata hapo barabarani. Mama akasonga mbele, akashika mabati kwa mkono mmoja, akaanza. Haki, aliimba! Sauti imezeeka lakini haijapotea. Hata ubeti wa kwanza haujaisha, kicheko kikalipuka ndani.

"Huo tunaujua!" shangazi wa bibi harusi akapaza sauti. "Huo ni wa redio! Leteni wenu!"

Hasira ikanipanda. "Ni wake! Yeye ndiye aliutunga!"

"Ai! Na mimi ndiye nilichimba hili Bonde la Ufa!"

Wakacheka, na wa upande wetu pia wakacheka, wengine ndugu zangu wa tumbo moja. Nilitaka kuligonga lile geti kwa teke. Mjukuu alikuwa amesimama juani na suti yake, jasho linamtiririka, na kanisani pasta alishaanza kupiga simu. Mama akamwangalia, kisha akanivuta mkono.

"Wacha," akasema.

Akainama kwenye upenyo wa geti. "Mko sawa, akina mama. Si wetu, tumeuazima. Tusameheni." Akavua leso yake ya kijani mabegani, akaikunja vizuri, akaipitisha juu ya mabati. Mkono ukatoka ndani ukaichukua.

Geti likafunguliwa kwa vigelegele. Akina mama wakatupokea wakicheza, na walichokuwa wanaimba ni wimbo uleule, wote wanaujua, mpaka ubeti wa pili. Shangazi alikuwa ameshajifunga leso ya mama kiunoni. Akamshika mama mkono kwa upendo kabisa, akamtafutia kiti kivulini, akamletea soda.

"Lakini shosho, unaujua vizuri," akamwambia. "Huwa unausikiza redioni?"

"Kila siku," mama akajibu.