Mdiria wa Kulesa na ndizi zangu

Jamaa zangu wa Mambrui, leo tumbili amekula chakula changu chote!
Anayejua kusoma awasomee wenzake, lakini msicheke kabla sijamaliza.

Kazi yangu huku Kulesa ni kukaa juu ya dungu kutwa, kuwaamia ndege wasile mpunga wa tajiri. Chakula naletewa mara moja tu, asubuhi.

Chini ya dungu pana kidimbwi, na kidimbwi kina mdiria wake, yule ndege mla samaki.
Kila akitaka kuvua, anatokea mdiria mwingine. Huyu wa kidimbwini anamfukuza mpaka mtoni. Akirudi, mwenzake naye kesharudi.
Jua likafika utosini hajala hata kisamaki kimoja.

Nikampigia kelele, "Kula kwanza, mjinga wewe!"

Mara kundi la ndege likatua kwenye mpunga. Nikashuka na kombeo, nikawafukuza, wakaingia kwenye mpunga wa Mama Hawa, jirani yangu. Naye akawarudisha kwangu. Nikampelekea tena. Akarudisha tena. (Hakuna aliyekubali kushindwa.)

Kugeuka, tumbili yuko juu ya dungu langu. Ndizi zangu za kuchemsha zimebaki maganda.

Mama Hawa akaangua kicheko. "Kula kwanza, mjinga wewe!"

Nilitamani kulia, wallahi.

Kisha akaniita, akanimegea samaki wake. "Kaa ule, mgeni. Nitaamia huku na kwako. Ukishiba, uniamie nami nile."

Nikala huku nikimtazama mdiria. Bado alikuwa akifukuza.
Maskini, yeye hana Mama Hawa.