Mkono Mmoja wa Shati

Jumatatu ya pili ya Machi, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa akifundisha ushonaji katika chuo kidogo cha Kawangware, na mimi ndiye ninayetunza tovuti ya chuo hicho. Shule niliachia kidato cha pili. Kompyuta nilijifunza ukubwani, hapo hapo chuoni, siku za Jumamosi.

Baada ya mazishi nilirudi kazini, nikafungua ukurasa wa walimu na kwenye jina lake nikaweka alama ya "ameondoka". Sikutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Miezi mitatu baadaye akaja mwanafunzi wake wa zamani, mama kijana kutoka Sarang'ombe. Alikuwa amepata kazi katika karakana ya sare za shule kule Makina, aanze Jumatatu, ila lazima aende na cheti. Nikaingiza namba yake ya mwanafunzi kwenye tovuti. Hakukuwa na somo hata moja.

"Mzee, nimekaa hapa miezi nane. Sasa hii kompyuta inasema nilifundishwa na hewa?"

Nilicheka, ingawa kosa lilikuwa langu. Tovuti yetu haisemi moja kwa moja na hifadhidata, ghala linalotunza rekodi zote za chuo. Katikati kuna tabaka linalouliza kwa niaba yako, kama duka la wavu pale Gatwekera ninakoishi: unataja unachotaka, unapewa, lakini huingii ndani. Zamani niliwekea tabaka hilo sheria kwamba mwalimu aliyeondoka asionyeshwe, yeye na masomo yake. Niliwaza walimu wanaohamia kazi nyingine. Kifo sikukiwaza.

Lakini mlango mmoja upo. Unaweza kuandika swali lako mwenyewe kwa SQL, lugha ya hifadhidata, likaenda hadi kwenye hifadhidata jinsi ulivyoliandika, bila kupitia sheria ile. Nililiandika polepole. Namba ya mwanafunzi sikuibandika ndani ya swali. Niliipitisha pembeni, jinsi nilivyofundishwa, isije ikasomwa kama amri. Mara ya kwanza likakataa, maana nilisahau kuomba namba ya kila somo, na bila hiyo mfumo haujui mstari upi ni wa somo lipi. Nikaiongeza.

Masomo yakaja yote, na mwisho wa kila mstari maneno ya mke wangu. "Mfuko umekaa vizuri." "Leo alikuja na mtoto mgongoni, akashona hivyo hivyo." Nilisikia sauti yake ya kila siku, ile ya kuniambia chai iko tayari. Sikulia. Kusema kweli, nilifurahi.

Mstari wa mwisho ulisema: "Mkono wa shati, bado. Arudie."

Mfumo hautoi cheti kama somo moja ni "bado". Ila mimi nilikuwa tayari nyuma ya wavu. Mstari mmoja wa SQL ungeligeuza neno hilo kuwa "amefaulu", na hakuna kitu kingeniuliza. Vidole vilikuwa kwenye kibodi, sitaficha.

Mama yule alikuwa akisoma juu ya bega langu. "Alinishika! Huo mkono ulikunjana, nikahepa. Nikisema nitarudi, madam akawa mgonjwa."

"Unaweza kuurudia leo?"

"Kitambaa iko?"

Kilikuwepo. Mwalimu mpya, aliyeshika nafasi ya mke wangu, akamkalisha kwenye cherehani na kusimama nyuma yake.

"Wee, hiyo mkono ni ya mtu ama ya gunia?"

"Ngoja, madam, usinicheke mapema!"

Alifumua mara mbili. Mara ya tatu bega likalala laini. Mwalimu akauvuta ule mkono, akaugeuza nje ndani, akasema sawa.

Mimi nikarekebisha sheria yangu, ili mwalimu akiondoka masomo yake yabaki. Kisha nikaingiza marudio kwenye fomu ya kawaida, kwa jina la mwalimu mpya. Maneno ya mke wangu sikuyagusa. Cheti kikatoka.

Yule mama alikitia kwenye bahasha, akainua kile kipande cha bega na mkono wake. "Na hii, mzee?"

"Niachie."

Akaenda zake. Nikakikunja, nikakiweka chini ya koti, nikatembea nacho hadi nyumbani.