Namba Sita Kutoka Bungoma

Mimi si mtu wa hospitali. Mama yangu alificha uvimbe wa titi chini ya leso mpaka siku ulipojitokeza wenyewe, na wakati huo hakukuwa na la kufanya. Kwa hiyo mhudumu wa afya alipopita mtaani kwetu Matisi akisema bima inalipia kupimwa hata kabla hujaugua, nilimjibu kwa ukali kwamba nina mahindi ya kupalilia. Kisha nikaoga, nikavaa, nikaenda.

Dada wa mapokezi alibonyeza kompyuta yake, akauliza, "Mama, kodi imeingia?" Alimaanisha code, zile namba sita za siri zinazotumwa kwa simu, ila hapa Kitale sote tunatamka kodi. Haikuwa imeingia. Akatazama tena, akaniambia imeenda kwa simu ya mwenye bima, na mwenye bima ni mume wangu. Mimi niliandikwa chini yake kama mtegemezi. Neno hilo liliniudhi, maana kwa miaka minne sikuwa nimemtegemea hata kwa kuwasha jiko.

Mume wangu ni mfanyakazi wa serikali. Alipohamishiwa Bungoma alikuwa akirudi kila Ijumaa, baadaye mwisho wa mwezi, baadaye Krismasi. Hatukugombana. Laiti tungegombana, ningekuwa na kitu cha kusimulia. Aliisha tu kidogo kidogo, kama sabuni. Watoto wako Nairobi na kazi zao, nami nyumbani huwa nabishana na redio.

"Piga haraka, mama, ni dakika chache tu kabla haijafungika," dada akasema. Nikampigia, mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Nisomee kodi," nikamwambia, bila hata salamu.

"Kodi ya nini, na hiyo nyumba si ni yetu?"

Dada alimsikia, akacheka. Mimi sikucheka. Nililisikia hilo neno "yetu", nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio. Nikamweleza.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Ni kupimwa tu."

Akasoma: "Tatu, nane, sufuli, sufuli, moja, tisa." Ndivyo alivyo huyo, r na l kwake ni mapacha. Kufikia hapo muda ulikuwa umekwisha. Ikatumwa nyingine, akaisoma polepole kama anayemfundisha mtoto, kisha akasema, "Harafu ukimaliza uniambie." Nilipimwa, nikaonekana mzima. Nikamwandikia: Niko sawa. Akajibu: Sawa.

Mwaka uliofuata nilirudi. Dada alikuwa bado ananikumbuka. "Mama, si tubadilishe tuweke namba yako, usisumbuke?" Nikamwambia simu yangu haikai na chaji. Uongo mtupu, nilikuwa nimeishika mkononi, imejaa. Siku hiyo mume wangu aliuliza mahindi yamefika wapi, nami nikamuuliza kama goti linamsumbua bado. Naona aibu kusema, lakini niliiacha ile kodi ya kwanza ife makusudi ili anisomee ya pili. Nilikuwa mpweke, na hizo namba sita ndizo zilikuwa mazungumzo yetu.

Mwaka huu nilikwenda nikiwa na sentensi. Niliiandaa wiki nzima nikipalilia: Njoo nyumbani hata kwa wikendi moja. Ningeisema mara tu akimaliza kusoma namba ya sita, kabla hajakata. Nilijua nisipoisema mwaka huu sitaisema tena.

"Weka kidole hapa, mama," dada akasema. Kulikuwa na kimashine kipya juu ya kaunta. Nikaweka kidole, taa ikawaka kijani. "Imekubali. Siku hizi hatusumbuani na mambo ya kodi." Wanawake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walifurahi, kwa haki kabisa. Mimi nilitamani kukirusha kile kimashine dirishani.

Nikapimwa. Nesi aliniambia niko sawa, nirudi mwaka ujao. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje, nikampigia nikiwa sina sababu yoyote ya kupiga.

Alishika kabla simu haijalia mara mbili.

"Ngoja kidogo, mama watoto," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Bado haijaingia. Usikate."

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni, lakini nilijua nikisema hakuna kodi atauliza nimepigia nini, nami nitajibu hakuna kitu.

"Sawa," nikasema. "Nangoja."

Nikamsikia akipumua. Kiti chake kililia, akakohoa kidogo.

"Bado," akasema.

"Bado," nikasema.